Nani Aliyebadili Tabianchi? Mtenda, Msimu na Riziki ya Kijana katika Kiswahili na Fasihi Yake

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna Kiswahili kinavyoyataja mabadiliko ya tabianchi na athari zake kwa riziki ya vijana wa Afrika Mashariki. Hoja yake ni kwamba istilahi zilizozoeleka zinamficha mtenda pale uharibifu unapotoka mbali, zinamtaja waziwazi pale uharibifu unapofanywa na maskini, kisha zinamwachia kijana wajibu wa kustahimili. Hoja hiyo inapimwa kwa kurejelea majina ya misimu na pepo, riwaya mbili za Euphrase Kezilahabi, Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei na Kuli ya Shafi Adam Shafi.

Utangulizi

Vijana na tabianchi ni maneno yanayoandamana mno siku hizi katika hotuba, warsha na vitabu vya kiada, kiasi kwamba uhusiano wao huonekana hauhitaji maelezo. Sera ya vijana ya Tanzania ya mwaka 2007 inamhesabu kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaanzia miaka 18 na kuishia kabla ya kutimia 35. Huu ndio umri wa kuoa na kuolewa, wa kukata shamba la kwanza, wa kununua nyavu au kamba za mwani kwa mkopo. Kwa hiyo msimu ukiharibika, mwenye umri huo hupoteza zaidi ya mavuno ya mwaka mmoja. Hupoteza mahali pa kuanzia.

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, kwa upande wake, umezoea kuiona mvua kama mandhari au taswira. Ikinyesha, mhakiki huandika kuhusu matumaini; ikikosekana, huandika kuhusu dhuluma ya watawala. Usomaji wa namna hiyo una thamani yake, ila unaruka hatua moja: kabla ya kuwa taswira, mvua ni mtaji. Makala hii inarudi kwenye hatua hiyo, na inaanza na msamiati wenyewe, kwa kuwa humo ndimo lawama na wajibu hugawanywa kabla hata kisa hakijaanza kusimuliwa.

Mtenda aliyefichwa

Istilahi iliyotamalaki Tanzania ni mabadiliko ya tabianchi. Kenya husikika pia mabadiliko ya hali ya hewa na mabadiliko ya hali ya anga, ingawa hali ya hewa ni jambo la leo na kesho, ilhali tabianchi ni jambo la miongo. Mjadala wa lipi kati ya haya ni sahihi zaidi umekwisha kuchosha. Lenye uzito ni neno ambalo yote matatu yanalo kwa pamoja, nalo ni mabadiliko.

Nomino hii inatokana na kitenzi badilika, chenye kiambishi nyambulishi cha kauli ya kutendeka. Sarufi ya kauli hiyo inajulikana: haimpokei mtenda. Husemwa kikombe kimevunjwa na Juma, lakini haisemwi kikombe kimevunjika na Juma. Kilichovunjika kimevunjika, na aliyekivunja, kama yupo, inabidi atafutiwe sentensi nyingine. Ndivyo ilivyo kwa tabianchi. Kwa mujibu wa istilahi yake yenyewe, imebadilika. Kutamka kwamba imebadilishwa kunahitaji kishazi cha ziada, mathalani yaliyosababishwa na shughuli za kibinadamu. Hata kishazi hicho humtupia lawama binadamu kwa jumla, kana kwamba mwenye kinu cha makaa ya mawe barani Ulaya na mchunga mbuzi wa Marsabit wameshiriki kwa kiwango kimoja. Bara zima la Afrika huchangia chini ya asilimia 5 ya gesijoto zinazotolewa duniani kila mwaka.

Sehemu ya pili ya istilahi inaukoleza ufichaji huo. Tabia, kwa mzungumzaji wa kawaida, ni mwenendo wa mtu: kijana ana tabia njema au mbaya. Nchi inayobadili tabia inafanana na mtoto aliyeharibika, na mzazi mwenye busara huuliza amefunzwa na nani. Fumbo hili halikukusudiwa na walioiunda istilahi, ambao walikuwa wakifuata matumizi ya muda mrefu katika somo la jiografia, lakini masikio ya msikilizaji hayawezi kuamriwa yasilisikie.

Linganisha sasa na msamiati wa makosa ya wanyonge: ukataji miti, uchomaji mkaa, uchomaji misitu, uvuvi haramu, ufugaji holela. Nomino hizi zote zimezaliwa na vitenzi vyenye mtenda, na kila moja ina ndugu yake anayetaja mtu: mkataji, mchoma mkaa, mvuvi haramu. Watu hawa wana sura, na mara nyingi ni sura ya kijana. Ni kweli kwamba Kiswahili kina pia uzalishaji wa gesijoto, nomino ya muundo uleule, na mtu anaweza kudai kwamba mizani iko sawa. Haiko sawa. Mzalishaji wa gesijoto ni neno linaloruhusiwa na sarufi lakini halina mtu katika matumizi. Hakuna mgambo anayemfukuza, wala mwanakijiji anayemtania kwa jina hilo. Mchoma mkaa anajulikana mpaka baiskeli yake.

Methali nayo inakwama hapa. Mchuma janga hula na wa kwao ni hekima ya jamii ambamo mkosaji na mwathiriwa hukaa jamvi moja. Inaonya kwa kutegemea aibu ya karibu. Janga la tabianchi limechumwa na watu ambao si wa kwao, na wanaolila hawajawahi kuwaona wachumaji. Methali inabaki kuwa kweli kwa nusu tu: kula kupo, ila undugu haupo.

Msimu kama urithi

Hasara ambayo takwimu za mavuno haziipimi iko katika majina ya misimu. Vuli, masika, kiangazi na kipupwe si majina ya hali tu, ni ratiba. Anayerithishwa neno vuli anarithishwa pamoja nalo miezi ya Oktoba hadi Desemba, mbegu za muda mfupi, na tarehe ya kukodi jembe la ng'ombe. Katika pwani ya Mombasa neno mwaka limetumika pia kwa mvua kubwa zenyewe, ishara kwamba kuhesabu miaka kulikuwa kuhesabu mvua. Kaskazi na kusi ni pepo kabla ya kuwa pande za dunia; mvuvi alipanga safari zake kwazo, na kati yake akaweka maleleji, kipindi ambacho upepo hauna uamuzi. Bamvua na maji mafu zikapanga siku za mwezi.

Elimu hii hufundishwa kwa kiambishi kimoja, hu- ya mazoea. Masika huanza Machi. Kusi likivuma, chombo hakitoki. Dagaa hupatikana giza la mwezi. Hu- haina wakati uliopita wala ujao. Inadai kwamba jambo lilivyo ndivyo litakavyokuwa. Mzee anapomfundisha kijana kwa hu-, anampa kitu kinachofanana na dhamana ya benki. Mvua zinapoacha mazoea, kinachoanguka kwanza kabla ya ghala ni kiambishi hiki. Mafundisho hugeuka kuwa masimulizi: zamani masika yalikuwa yakianza Machi. Kijana anapokea kumbukumbu mahali ambapo baba yake alipokea ratiba, na kumbukumbu haipandi mahindi.

Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa mwaka 2022, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika kaskazini mwa Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia. Mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa nchini Kenya pekee. Kwa kijana wa jamii za wafugaji, ng'ombe na ngamia ni mahari, ni akiba na ni heshima ya kuzungumza mbele ya wazee. Kundi linapokwisha, utu uzima wenyewe unaahirishwa. Kisha mwishoni mwa mwaka 2023 na tena Aprili na Mei 2024 yakaja mafuriko, katika baadhi ya maeneo yaleyale. Lugha ilikuwa imekwisha kujiandaa na neno moja tu la kigeni, Elinino, lililoingia vinywani mwa watu baada ya mvua za mwaka 1997 na 1998, na ambalo tangu hapo limekuwa jina la kila mvua inayozidi kiasi, ziwe na uhusiano na bahari ya Pasifiki au zisiwe nao. Wanasayansi hukereka na matumizi hayo. Mwanaisimu hana budi kuyasikiliza, kwa sababu yanaonyesha kwamba wasemaji walihisi hitaji la kuwa na jina la msimu usiokuwamo katika ratiba, wakaazima lililokuwa karibu.

Unguja ina mfano ulio wazi zaidi. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, na kwa muda mfupi kikawapa wanawake, wengi wao wasichana na mama wadogo, fedha iliyopitia mikononi mwao wenyewe. Kazi ilifuata saa ya zamani ya bahari: maji yakitoka mbali wakati wa bamvua, wanawake waliteremka na kamba na vigingi. Maji ya pwani ya kina kifupi yalipozidi kupata joto, ile aina ya mwani yenye bei kubwa, ambayo wanunuzi huiita cottonii, ikaanza kupauka, kulainika na kukatika kambani. Katika sehemu nyingi za Unguja haioti tena kwa faida. Imebaki aina ya bei ndogo. Anayetaka kuirudia ile ya kwanza inambidi aende kwenye maji ya kina, yanayohitaji chombo na kujua kuogelea, mambo mawili ambayo malezi ya pwani hayakuwapa wasichana wengi. Hivyo basi joto la maji limegeuka kuwa suala la jinsia. Vijana wa kiume wa vijiji hivyohivyo wana bodaboda na upapasi wa kuwafuata watalii ufukweni, kazi ambazo nazo zinategemea ufukwe ambao mawimbi yanaumega.

Ardhi inayosubiri

Ukubwa wa badiliko hili unaonekana vizuri zaidi riwaya za kizazi cha kwanza cha uhuru zinaposomwa upya. Katika Rosa Mistika (1971) Kezilahabi anamtoa msichana Ukerewe na kumpeleka shule na miji ya bara. Anapoangamia, msomaji anaelekezwa kutazama malezi, ukali wa baba na unafiki wa jamii. Katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975), Tumaini anapotea katika starehe za ujana, kisha anairudia ardhi, nayo inampokea na kumtajirisha. Kinachomwangusha ni siasa: sera za ujamaa zinaligusa shamba lake, anaua kiongozi wa serikali na kuhukumiwa kifo. Riwaya zote mbili, licha ya giza lake, zina imani moja ambayo haikuhitaji kutamkwa. Ardhi inasubiri. Kijana anaweza kuikimbia, kuidharau au kunyang'anywa, lakini yenyewe haibadiliki. Mvua yake haihojiwi.

Imani hiyo haikuwa upofu wa mwandishi. Ilikuwa hali ya ulimwengu aliouandikia, na ndiyo iliyoipa riwaya ya kurudi nyumbani nguvu zake za kimaadili. Kumlaumu kijana aliyekimbilia mjini kunawezekana tu ikiwa huko alikotoka kuna kitu kinachomngoja. Kezilahabi alifariki Januari 2020. Miezi michache baadaye, Mei mwaka huohuo, kina cha Ziwa Viktoria, ziwa linalokizunguka kisiwa chake, kilifikia kiwango cha juu kuliko vyote vilivyokuwa vimerekodiwa hadi wakati huo, na maji yakaingia katika nyumba, mashamba na mialo ya nchi tatu. Mwaka 2006 ziwa hilohilo lilikuwa limeshuka mno, kwa ukame na kwa maji yaliyofunguliwa kwenye mabwawa ya Jinja. Tumaini wa leo angerudi kwenye ardhi isiyojulikana itakuwa wapi ufuko mwaka ujao.

Historia ya mkataji

Chozi la Heri (2014) imesomwa sana kama riwaya ya ghasia za uchaguzi na familia zilizosambaratika, na kwa kuwa ilitahiniwa katika shule za sekondari za Kenya, maswali ya mtihani yameigandisha katika usomaji huo. Sehemu yake inayohusu Msitu wa Mamba inastahili kutazamwa kivyake.

Lunga ni mtetezi wa mazingira tangu shuleni. Anapoteza kazi kwa kupinga wananchi kuuziwa mahindi yasiyofaa kuliwa, na anakimbilia msituni kulima. Mtetezi wa miti anakuwa mfyekaji. Baadaye amri inatolewa wakaazi wauhame msitu, na familia iliyokuwa imejishikiza kwenye mavuno inakatika: Naomi anaondoka, Lunga anafariki, na watoto watatu, Umu, Dick na Mwaliko, wanabaki mikononi mwa Sauna, mfanyakazi wa nyumbani. Sauna anawaiba wavulana wawili; Dick anaishia kusafirisha dawa za kulevya. Umu anaingia mjini peke yake.

Wahakiki wa shuleni huita jambo hili kinaya na kuendelea. Kinaya kipo, lakini kina kazi kubwa zaidi. Matei amempa mkataji historia. Ile nomino ya ukataji, ambayo katika lugha ya mabango humtaja mtu kwa kosa lake tu, hapa imeambatishwa jina, elimu, dhamiri na mlolongo wa maamuzi ya watu wenye mamlaka: aliyeruhusu mahindi mabovu, aliyemfuta kazi Lunga, aliyeacha watu wakae msituni, aliyewaondoa. Mtenda aliyefichwa na kauli ya kutendeka anarudishwa, na anapatikana kuwa ni watendaji wengi walioketi ngazi mbalimbali. Msomaji wa Kenya hahitaji kuambiwa kwamba watu wameondolewa katika Msitu wa Mau mwaka 2009, 2018 na 2023, ingawa riwaya imewekwa katika nchi ya kubuni ya Wahafidhina.

Muhimu kwa makala hii ni umbali kati ya sababu na athari. Hakuna ukurasa unaosema kwamba Dick ameingia katika biashara ya dawa kwa sababu ya msitu. Kati ya msitu na dawa hizo kuna kifo, ndoa iliyovunjika na mwizi wa watoto. Hivi ndivyo hali inavyokuwa nje ya vitabu: kijana anayeuza maji kwenye foleni za magari Nairobi au Dar es Salaam hasemi amefukuzwa na tabianchi. Husema baba aliuza ng'ombe, au mama aliugua. Riwaya, kwa urefu wake na uvumilivu wake wa vizazi, ina uwezo wa kuzibeba hatua hizo zote, uwezo ambao ripoti na shairi la dakika tatu havina.

Hata hivyo Matei hafiki mwisho wa njia aliyoifungua. Mambo ya mazingira yanaelezwa mara nyingi mno kwa kauli ndefu za wahusika waliosoma, zenye harufu ya ubao wa darasani. Kasoro kubwa zaidi ni suluhisho. Umu anachukuliwa na Mwangeka na Apondi, Mwaliko na Mwangemi na Neema. Hatimaye ndugu wanakutana. Msomaji anafarijika, na hana sababu ya kuionea haya faraja hiyo. Lakini swali la riziki lililozuka msituni limejibiwa kwa jibu la malezi. Waliookolewa wamepata wazazi wenye mishahara. Watoto wa majirani wa Lunga, waliofurushwa siku ileile, hawapati sura hata moja, na msitu wenyewe unatoweka katika riwaya kama ulivyotoweka katika maisha ya wahusika.

Kustahimili, yaani kubeba

Wale wasiopata mlezi hukabidhiwa neno. Neno hilo ni ustahimilivu, na pembeni yake kuna uhimilivu na uwezo wa kukabiliana. Katika Kiingereza, dhana inayotafsiriwa hivi ina asili ya Kilatini yenye maana ya kuruka na kurudi, kama kamba ya mpira. Kiswahili kimeifikisha mahali pengine kabisa. Himili na stahimili zina mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kubeba, mzizi uleule uliotupatia hamali. Kijana mstahimilivu, kwa masikio ya Kiswahili, harudi katika umbo lake la awali. Amebeba, na hajautua. Zaidi ya hayo, kustahimili ni neno la adabu, jirani wa subira, na utamaduni wa tenzi na nyaso umelipatia heshima ya kidini. Tafsiri imelipandisha lengo la kisera kuwa fadhila ya nafsi. Anayelalamika hajakosa mtaji, amekosa subira.

Neno fursa linakamilisha kazi hiyo kwa upande wa pili. Vijana wa Tanzania wanahimizwa wachangamkie fursa, na siku hizi hata tabianchi imo katika orodha: miche, nishati ya jua, biashara ya hewa ukaa. Baadhi ya miradi hiyo inaleta fedha halali vijijini na hakuna haja ya kuibeza. Tatizo liko katika kitenzi. Kuchangamka ni hali ya mtu binafsi, kwa hiyo aliyebaki maskini hakuchangamka. Riziki, neno la wazee, angalau lilimwacha kijana akitafuta bila kumhukumu anapokosa.

Shafi Adam Shafi aliandika riwaya nzima kuhusu wabebaji. Katika Kuli (1979), Rashidi anarithi kazi ya bandarini iliyomuua baba yake Majaliwa, na kinachombadilisha ni kuelewa kwamba mzigo una mwenyewe. Mgomo wa mwaka 1948 wa Unguja, ambao riwaya inauelekea, ni kitendo cha kutua: mizigo ikabaki melini mpaka mwenye mzigo alazimike kuzungumza. Riwaya hiyo haihusu hali ya hewa hata kidogo, ila sarufi yake ndiyo inayokosekana katika msamiati unaojadiliwa hapa. Ina mbeba, ina mwenye mzigo, na ina jina la kile ambacho mmoja anamdai mwingine.

Katika lugha ya majadiliano ya kimataifa jina hilo limezuiwa kwa makusudi. Uamuzi uliopitisha Mkataba wa Paris mwaka 2015 ulitamka kwamba kifungu cha hasara na uharibifu hakitoi msingi wa kudai dhima wala malipo ya fidia, na mfuko uliokubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 ukaitwa wa hasara na uharibifu, maneno mawili ambayo, kama mabadiliko, hayahitaji mtenda. Mfasiri wa Kiswahili anayeuandika mfuko wa fidia amekosea kisheria. Amefuata, hata hivyo, neno ambalo kijana wa Kiswahili analifahamu tangu utotoni, tangu barabara ilipopita shambani kwao na wazee wakaitwa kuhesabiwa minazi: fidia ina mlipaji, ina mlipwa, na haitolewi mpaka ijulikane ni nani aliyeichukua ardhi.